Beni: Karani wa komini akiondoka, vitabu vinabaki mikononi mwa nani?

Mjini Beni, Kivu ya Kaskazini, kuaga mkubwa ni jambo ambalo kila mtu amekwisha kuliona. Meya mpya akifika, kiwanja cha meri kinajaa. Hema linasimamishwa, viti vya plastiki vinapangwa, wakubwa mbele, mashefu wa kata na mama wa soko nyuma. Anayeondoka anasema, anayeingia anasema, karatasi zinatiwa sahihi, mikono inashikana mbele ya kamera. Jioni redio za mji zinatangaza makabidhiano, na kesho yake hata mtoto wa shule anajua jina la meya mpya. Tangu tarehe 6 Mei 2021, ulipoanza utawala ule unaoitwa état de siège katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, kiti cha meya kimekaliwa na maafisa wa polisi, na watu wa Beni wamezoea kuona wakuu wakija na kwenda.

Karani haondoki hivyo. Yule aliyekaa miaka thelathini katika biro ya eta-sivili ya komini, akiandika watoto wanaozaliwa, wanaooana na wanaokufa, huagwa na wenzake tu. Wanachanga franka, wananunua kitenge na kasha la sukre, mmoja anasali, mwingine anapiga picha. Wenzake wanamwita papa, wanamwambia apumzike sasa. Jumatatu inayofuata mtu mwingine yuko mezani, na wa kwanza kumsumbua ni mama mwenye mtoto mgongoni, anayesema kwamba papa wa zamani alimwandikia mwanawe katika kitabu kile chenye jalada lililochanika. Kitabu gani? Kiko kabati gani? Ufunguo ameuacha kwa nani?

Kasoro iko hapo. Kumshukuru mtumishi na kupokea hesabu ya kazi yake ni jambo moja. Vifanyike siku moja, mahali pamoja, wakaaji wakiwa wamekaa na kusikiliza. Ukitenganisha shukrani na hesabu, mtumishi anaondoka na kitenge bila haki yake, na mji unabaki na kabati bila kujua ndani mna nini.

Katika nchi nyingi mambo haya hufanywa na baraza la mji. Madiwani wanafungua kikao, wanamwita mtumishi anayestaafu, wanasoma miaka yake na kazi yake, watu wanapiga makofi. Kisha, bila kuhama chumba, wanaendelea na mambo ya kila wiki: daraja lililovunjika, kodi ya soko, ombi la kiwanja, bei ya kuzoa takataka. Hakuna cha ajabu ndani yake, na pengine watu wanapiga miayo. Lakini yule anayepigiwa makofi anasimama mbele ya watu walewale wanaoweza kumuuliza: papa, yale makaratasi ya kata ya chini uliyaacha wapi?

Kongo ina sheria ya jambo hilo. Sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 inasema mji una baraza lake, komini ina baraza lake, na mabaraza hayo ndiyo yanayojadili bajeti, masoko, barabara ndogo, usafi, makaburi na mengine ya mahali. Madiwani wa komini wachaguliwe na raia, nao wachague wale wa baraza la mji. Tangu mwaka 2008 hadi leo, raia wa Beni hawajawahi kumpigia kura diwani hata mmoja. Tarehe 20 Desemba 2023 uchaguzi wa madiwani wa komini ulifanywa kwa mara ya kwanza, lakini katika komini za miji mikuu ya majimbo tu. Goma ilihusika. Komini nne za Beni, yaani Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori, hazikuhusika.

Watu hawa hawachoki kuchagua, hilo linajulikana nchi nzima. Desemba 2018, tume ya uchaguzi iliposema Beni na Butembo zitapiga kura baadaye kwa sababu ya Ebola na usalama, vijana na wazee wa Beni walipanga vituo vyao wenyewe tarehe 30 Desemba, wakanawa mikono, wakapanga mstari, wakapiga kura ambayo walijua haitahesabiwa. Mji wenye watu wa namna hiyo hauwezi kuambiwa kwamba wakaaji wake hawapendi vikao.

Kwa hiyo baraza halipo, na karani anaondoka bila baraza la kumshukuru wala la kumuuliza. Lakini kuondoka kwenyewe ni jambo gumu kuliko hotuba zinavyosema.

Sheria ya watumishi wa serikali ya tarehe 15 Julai 2016 imeweka mpaka: miaka 65 ya umri, au miaka 35 ya kazi. Kwenye karatasi ni wazi. Ukiingia katika biro yoyote ya serikali utakuta wazee waliokwisha kuvuka mpaka huo zamani, bado wanashika kalamu kwa vidole vinavyotetemeka. Vijana wanaotafuta kazi huwacheka, husema wazee wamependa viti. Si kweli kwa wengi wao. Mzee anajua kwamba siku jina lake likitolewa kwenye orodha ya malipo, ile posho ya mwisho wa kazi inaweza kuchukua miaka, na pensheni, ikifika, haitalipa kodi ya nyumba. Anakaa kwa sababu kutoka ni kuingia katika njaa.

Na huyo ni mwenye bahati, mwenye matrikule na mshahara unaopita benki tangu utaratibu ule wa malipo ya benki ulipoanza mwaka 2011. Nyuma yake kuna wale wanaoitwa nouvelles unités. Wana barua ya kazi, wana meza, wana muhuri, wanafika asubuhi, lakini kwenye orodha ya mishahara hawapo. Wanaishi kwa kile kidogo kinachogawanywa ofisini mwisho wa mwezi na kwa kile ambacho raia anatoa ili karatasi yake itoke haraka. Kasha la pensheni la watumishi wa serikali, CNSSAP, lililoundwa mwaka 2015, linakata sehemu ya mshahara wa mtu akiwa kazini ili alipwe akipumzika. Mtu ambaye hajawahi kuwa na mshahara atakatwa nini? Anaweza kufanya kazi miaka kumi na tano, akaagwa kwa kitenge, na siku hiyo serikali haimdai wala yeye haidai serikali kitu, kwa maandishi. Kwa maandishi tu, maana kila mtu chini ya hema anajua nani ana deni.

Wakubwa wa mji watajibu kwamba hawana uwezo. Kwa sehemu wana haki. Katiba, kifungu cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na sheria ya 2008 inasema asilimia 40 ya hiyo sehemu ya jimbo iende kwa miji, komini, sekta na shefferi. Kwa miaka mingi viongozi wa mahali wamelia kwamba fedha hizo haziteremki zote. Sawa. Lakini kusoma mbele ya watu kwamba fulani amefanya kazi miaka 31 na bado anadai hiki na hiki hakugharimu franka hata moja. Deni lililosomwa hadharani na kuandikwa katika ripoti ya kikao lina uzito wake. Lile linalonong'onwa kwenye kona ya meri halina.

Sasa kuna vitabu, na hapa familia zilizohama ndizo zenye kupoteza zaidi.

Mtoto anayezaliwa Kongo anapaswa kuandikwa katika biro ya eta-sivili ndani ya siku 90, na kuandikwa huko ni bure. Siku 90 zikipita, mzazi anatumwa mahakamani kutafuta hukumu ya kuchukua nafasi ya tangazo lile, na safari hiyo ina gharama, ina siku za kungoja, ina watu wa kati wanaojua mlango wa nyuma. Kwa mama aliyekimbia kutoka Lubero au Rutshuru, anayelala kwa jamaa na watoto watano katika chumba kimoja, siku 90 zinapita kama wiki moja. Alipokimbia alibeba chungu, blanketi na mtoto mdogo. Karatasi hazikuwa kitu cha kwanza mkononi.

Akifika Beni anaanza kuelewa kwamba bila karatasi yeye ni mtu nusu. Kadi ya uchaguzi ndiyo kitambulisho ambacho Wakongomani wengi wanacho, na kama imepotea njiani, kila kizuizi kinakuwa mtihani. Anaenda komini kuomba karatasi ya kuthibitisha kwamba vitu vyake vimepotea. Anaenda kwa shefu wa kata kuomba karatasi ya makao. Kila mahali anakutana na mtumishi, na kila mtumishi ana kitabu. Kama mtumishi ni mwaminifu na kitabu kinajulikana kiko wapi, mama anapata jina lake tena. Kitabu kikiwa kimekwenda nyumbani kwa mzee aliyestaafu, kikiwa chini ya kitanda chake kwa sababu ofisini kulikuwa na panya na mvua, basi mama anaambiwa arudi wiki ijayo. Na wiki inayofuata vilevile.

Si kwamba mzee aliyepeleka kitabu nyumbani ni mwizi. Mara nyingi ndiye aliyekiokoa. Katika eneo la Beni ambako mauaji yamefuatana tangu Oktoba 2014, ambako ofisi zimefungwa kwa milio ya risasi na watu wamekimbia mtaa mmoja hadi mwingine usiku, kuna makarani waliobeba vitabu vya serikali katika mfuko wa unga kama mtu anavyobeba mtoto. Matendo kama hayo ndiyo yanayofaa kusomwa siku ya kuagwa. Hotuba za kawaida zinasema ameitumikia nchi kwa moyo, maneno ambayo yanaweza kumfaa mtu yeyote. Afadhali isemwe kwamba mwaka fulani aliokoa vitabu saba, hivi hapa mezani, namba moja hadi saba, na anayevipokea ni huyu hapa, simama watu wakuone.

Kikao cha namna hiyo kingechukua saa mbili, pengine saa mbili na nusu kwa sababu wazungumzaji wa Beni hawajui kufupisha. Kingeanza na wanaoondoka: jina, kazi, miaka, wanachodai, wanachoacha. Kisha wanaoingia. Kisha mambo ya mji yaliyo mezani siku hiyo: taksi ya meza katika soko la Kilokwa imekusanya kiasi gani mwezi uliopita na imelipa nini, mtaro upi umeziba, salongo ya Jumamosi itafanyika kata gani, wapi familia mpya zimefika na shefu wa kata amewaandika wangapi. Hesabu ya mwisho hiyo ni muhimu sana. Kama familia haiko kwenye orodha ya shefu wa kata, msaada ukifika inapita pembeni, na hapo tena yote yanategemea kama shefu wa zamani alimwachia wa mpya daftari lake au hapana.

Watu watauliza nani ataongoza kikao kama baraza halijachaguliwa. Hilo ni swali zuri, na jibu lake haliwezi kuwa kungoja uchaguzi mwingine. Mpaka raia wachague, mji unaongozwa na meya aliyeteuliwa na komini na burgumesta wake. Hakuna sheria inayomkataza burgumesta kufungua mlango wa chumba chake siku ya makabidhiano ya karani, kama vile mlango unavyofunguliwa kwa makabidhiano ya meya. Hatakuwa baraza. Hatapigiwa kura na mtu. Lakini mashirika ya raia, mashefu wa kata, wawakilishi wa wakimbizi wa ndani na redio wakikaa mle ndani, karatasi itasomwa mbele ya mashahidi. Wale watakaochaguliwa siku moja watakuta desturi imekwisha kuanza, na hawatathubutu kuifuta.

Wengine wanasema vita si wakati wa sherehe. Wana uchungu wao, na katika mji uliozika watu wengi kiasi hiki, uchungu huo uheshimiwe. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2016 huko Rwangoma haujasahauliwa na mtu. Kuna familia ambazo zikisikia neno makofi zinageuza uso. Lakini linaloombwa hapa ni kuhesabu zaidi ya kusherehekea. Vita ndiyo inayofanya kuhesabu kuwe kwa lazima, maana vita inakula karatasi kwanza: nyumba ikiungua, shamba litabaki, lakini barua ya shamba imekwenda.

Tena mji umeongezeka mzigo. Goma ilipochukuliwa na M23 mwisho wa Januari 2025, utawala wa jimbo ulihamia Beni. Magari ya wakubwa yameongezeka barabarani, kodi ya nyumba imezungumzwa sana na wapangaji. Kwa karani wa Mulekera au wa Bungulu jambo hilo lina maana moja tu: watu wengi zaidi kwenye benchi lake asubuhi. Kuna watumishi wa serikali waliokimbia nao pia, wanaosimama mstari mmoja na raia, wakitafuta karatasi ambazo zamani walikuwa wakizitoa wao wenyewe. Mtu huyo atakapofika umri wa kupumzika, ataagwa na nani? Ofisi yake iko upande mwingine wa mstari wa vita, faili yake vilevile. Swali hilo wakubwa wa jimbo waliohamia Beni wanaweza kulijibu bila kungoja Kinshasa, angalau kwa kuandika orodha ya watumishi waliohama, kila mmoja na miaka yake ya kazi kama anavyoithibitisha kwa mashahidi.

Na wako wengine ambao hawatakuwa kwenye orodha yoyote. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kutoka Mangina, na mpaka ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa. Katika miaka hiyo miwili mji ulisimama juu ya mabega ya wauguzi, wazikaji, wanaonyunyiza dawa, vijana waliopima joto penye vizuizi, na mama waliopita mlango kwa mlango wakitukanwa na kupigwa mawe. Wengi hawakuwa watumishi wa serikali. Walikuwa na mkataba wa miezi, au fulana tu. Ugonjwa ulipokwisha, mikataba nayo ikaisha. Kama kuna siku ambayo komini ingeweza kuita watu mia mmoja mmoja kwa jina, ilikuwa siku zile, na bado haijachelewa, maana wengi wako hapa hapa, wanauza mkaa na kuendesha pikipiki. Mashefu wa kata wanawajua wote.

Kuna hatari moja ambayo inafaa isemwe wazi. Kikao cha kuaga kinaweza kugeuzwa kuwa mahali pa kusifu wakubwa. Mtumishi wa miaka 35 anapewa dakika mbili, aliyempa kitenge anapewa dakika arobaini. Beni imeliona hilo katika mazishi na hata katika ugawaji wa unga. Dawa yake ni ndogo: anayeondoka aseme wa kwanza, tena aseme bila karatasi iliyoandikwa na kabinet ya mtu mwingine. Makarani wazee wana mengi ya kusema. Wanajua ni nani alikuja usiku kutaka tarehe ya kuzaliwa ibadilishwe, wanajua kiwanja gani kiliuzwa mara tatu. Pengine ndiyo sababu wengine wanapenda waagwe kimya.

Kuhusu zawadi, kitenge kisikatazwe. Mama aliyefagia soko miaka ishirini anastahili kitenge, tena cha bei. Ila kando ya kitenge kuwe na karatasi mbili zenye muhuri: moja inayosema miaka yake na anachodai, abaki nayo nyumbani kwa siku ya CNSSAP; nyingine yenye orodha ya alichokabidhi, nakala ibandikwe kwenye ukuta wa komini ambapo kila mtu anaweza kuisoma. Kwa asiyejua kusoma, redio iisome, kama inavyosoma matangazo ya vifo kila asubuhi.

Kwa familia zilizofika karibuni, zile ambazo bado zinauliza njia: mtoto aliyezaliwa njiani au hapa Beni anaandikwa katika komini mnapokaa sasa, na siku 90 zinahesabiwa tangu alipozaliwa, si tangu mlipofika. Mkienda, ulizeni jina la anayewaandikia na namba ya kitabu, mziandike nyuma ya karatasi ya hospitali. Karani huyo naye ataondoka siku moja.